Kuchora kwa Tableti ya Michoro: Kuanzia Kuichomeka Hadi Mchoro wa Kwanza Kukamilika

Mtu anayechora vizuri kwenye karatasi anaposhika kalamu ya tableti kwa mara ya kwanza, mistari hutoka kama imechorwa na mkono wa mtu mwingine. Duara linageuka yai, mstari ulionyooka unakwenda upande, na unene wa wino unaruka kutoka uzi hadi kamba. Wengi huishia kusema hawana kipaji cha kuchora kwenye kompyuta, wakati mara nyingi kosa si la mkono: ama uwiano wa upana na urefu wa tableti haulingani na wa skrini, ama presha ya kalamu, yaani inavyosoma nguvu ya kukandamiza, haijarekebishwa, ama tableti yenyewe imelazwa mshazari mezani. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye mipangilio kabla ya kugusa rangi. Ukiruka sehemu hiyo, utafanya mazoezi wiki nzima ya kuuzoesha mkono wako kosa la mashine.

Aina za tableti, na ukubwa unaokufaa

Zipo za aina tatu. Ya kwanza haina skrini: unachora kwenye ubao mweusi huku ukitazama skrini ya kompyuta. Ya pili ina skrini yake lakini bado inategemea kompyuta. Ya tatu inajitegemea, ina betri na programu zake ndani. Anayeanza hana hasara kuchukua ya kwanza. Ni nafuu kuliko zote, ni nyepesi, na shingo haiinami kwa sababu macho yanatazama mbele. Ugumu wake ni mmoja tu: mkono uko chini na jicho liko juu. Mkono huzoea hali hiyo ndani ya siku chache hadi wiki mbili ukichora kila siku.

Kwenye ukubwa, usiangalie boksi wala mwili wa tableti. Angalia eneo hai, yaani ile sehemu inayosoma kalamu. Eneo la takriban sm 15 kwa 9.5 ni dogo, na linawafaa wenye skrini ya laptop na wanaochora kwa kiganja. La takriban sm 22 kwa 13.5 ni la kati, nalo ndilo linalowafaa wengi. Kubwa zaidi ya hapo linakudai uchore kwa mkono mzima kuanzia begani, jambo zuri kwa mistari mirefu, lakini linadai pia meza pana.

Usiyumbishwe na namba za presha. Tofauti kati ya ngazi 8192 na 16384 haionekani kwa jicho wala haisikiki mkononi. Kazi safi kabisa zilitoka kwenye tableti zenye ngazi 2048. Jambo la maana zaidi ni nguvu ya kuanzia, yaani kalamu inahitaji mguso mzito kiasi gani ndipo itoe wino. Kalamu nzuri inaandika kwa mguso wa gramu chache tu. Kalamu mbaya inakulazimisha ukandamize, na baada ya saa moja kifundo cha mkono kinauma.

Chagua pia kalamu isiyotumia betri. Chini ya ubao wa tableti za namna hii kuna nyaya zinazotoa uga wa sumakuumeme. Koili ndogo iliyo ndani ya kalamu hupokea nguvu hiyo na kurudisha ishara, ndiyo maana kalamu haihitaji chaji na tableti inaiona hata ikiwa juu ya ubao kwa karibu sentimita moja. Ukijua hilo, utaelewa pia kwa nini kishale kinatetemeka ukiweka simu, spika au kitu chenye sumaku karibu na tableti, au ukiilaza kwenye meza ya chuma.

Kuunganisha na kuweka draiva

1. Ondoa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti, ya tableti yoyote iliyowahi kutumika kwenye kompyuta hiyo, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Draiva mbili zinapogombania kalamu moja, presha hupotea au kishale huganda, na mtu hudhani amenunua kitu kibovu. Ukishaondoa, zima kompyuta na uiwashe tena.
2. Pakua draiva ya toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa tableti. Andika namba kamili ya modeli iliyobandikwa nyuma ya tableti, maana modeli mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa na draiva tofauti.
3. Weka draiva, washa upya, kisha chomeka tableti moja kwa moja kwenye kompyuta. Usipitishe kwenye kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake. Umeme ukiwa mdogo, tableti inakatika na kurudi katikati ya mstari.
4. Kwenye Mac, ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama, uipe draiva ruhusa mbili: ya ufikivu na ya kufuatilia vifaa vya kuingizia. Bila ruhusa hizo, draiva inaonekana imewekwa lakini kalamu haiandiki chochote.
5. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya kalamu na mguso, uzime ile tabia ya kushikilia kalamu ili kuleta menyu ya kitufe cha kulia. Ikiwa imewashwa, utaona kijiduara kikizunguka ncha ya kalamu kila unapoanza mstari taratibu, na mwanzo wa mstari unachelewa au unanyooka ghafla.

Uwiano: hapa ndipo duara hugeuka yai

Chukua mfano halisi. Tableti yako ina eneo hai la mm 216 kwa 135, na skrini yako ni ya pikseli 1920 kwa 1080. Draiva isiporekebishwa hutandaza eneo lote la tableti juu ya skrini yote. Kwenda kulia, kila milimita inakuwa pikseli 8.9 hivi, kwenda chini, kila milimita inakuwa pikseli 8 tu. Mkono wako ukichora duara kamili la mm 50, skrini inaonyesha umbo lenye upana wa pikseli 444 na urefu wa 400. Umechora sawasawa, ila mashine imelitanua.

Dawa yake iko kwenye ukurasa wa eneo la kazi ndani ya draiva. Kuna kisanduku cha kulazimisha uwiano wa skrini, kitie alama. Kama hakipo, piga hesabu mwenyewe kwa skrini ya 16:9 kama hii: zidisha upana wa eneo hai kwa 9, kisha gawanya kwa 16. Kwa mm 216 unapata 121.5. Andika urefu huo badala ya 135. Utapoteza ukanda wa milimita 13 na nusu upande wa chini, na hutaukumbuka hata kidogo.

Kisha jaribu. Weka kifuniko cha chupa juu ya tableti, kizungushie kalamu, utazame skrini. Lazima utoke mduara. Weka rula, chora mstari sambamba na ukingo wa tableti: lazima uende sambamba na ukingo wa skrini. Jaribio hili ni la dakika moja, na linafaa kurudiwa kila unapobadili skrini.

Ukiwa na skrini mbili, elekeza tableti kwenye moja tu. Ukiiacha itandae zote mbili, kila ukisogeza mkono kidogo kishale kinaruka mbali, na uwiano unaharibika tena. Hakikisha pia kalamu iko kwenye hali ya kalamu, si ya kipanya. Kwenye hali ya kalamu, kila nukta ya tableti ina nukta yake ya kudumu kwenye skrini. Kwenye hali ya kipanya, ukiinua kalamu na kuishusha pengine, kishale kinaendelea pale kilipoachwa, na mkono hautajenga kumbukumbu kamwe.

Presha ya kalamu

Ndani ya draiva kuna grafu ya presha: upande wa chini ni nguvu ya mkono wako, upande wa kusimama ni kinachotoka. Ikiwa mstari wa grafu umenyooka, nusu ya nguvu inatoa nusu ya unene. Watu wengi wanakandamiza zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu wamezoea kalamu ya wino. Vuta sehemu ya kati ya grafu juu kidogo ili mguso mwepesi utoe wino mapema. Mwenye mkono mzito na mistari inayonenepa bila kutaka, aivute chini.

Namna ya kupima ni hii. Fungua brashi inayobadilika unene, iweke pikseli 30. Chora mistari kumi ya urefu wa kiganja, kila mmoja uanze mwembamba kama unywele, unenepe katikati, uishe mwembamba. Mwanzo ukikosekana kabisa, nguvu ya kuanzia ni kubwa mno. Katikati ikifika unene wa mwisho upesi na kubaki hapo, grafu inapanda haraka. Mkia ukikatika ghafla kama uliokatwa kwa mkasi, unainua kalamu mkono ukiwa umesimama. Inua huku ukiendelea kusogea.

Rekebisha sehemu moja tu, kwenye draiva au ndani ya programu ya kuchorea. Ukivuta grafu zote mbili, utashindwa kujua ipi inakuharibia.

Meza na mwili

Tableti ikae katikati ya kifua chako, kingo zake zikiwa sambamba na za skrini. Kibodi ihamie upande wa mkono usiochora, kwa kuwa mkono huo ndio utakaobonyeza vitufe. Wengi huacha kibodi mbele na kuisukuma tableti pembeni kulia. Kifundo kikikaa mshazari, mistari yote ya kulala inapanda kidogo kulia, na msanii anaanza kuyalaumu macho yake. Kama mkono wako unapenda kupinda kiasi, draiva nyingi zina sehemu ya kuzungusha eneo kwa digrii chache.

Kiwiko kiguse meza, bega lilegee. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, ili macho yapumzike. Kidole cha shahada kikianza kuwa cheupe kwenye ncha, unaibana kalamu. Ilegeze hadi mtu angeweza kuichomoa bila kuvuta.

Programu na ukurasa wa kuanzia

Krita ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na imetengenezwa kwa ajili ya kuchora, si kurekebisha picha. Ndiyo tutakayoitumia hapa. Clip Studio Paint na Photoshop ni za kulipia. Procreate ni ya iPad pekee. Kanuni ni zilezile, vitufe ndivyo vinavyobadilika.

Kabla ya lolote, ingia kwenye mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti. Kwenye Windows kuna njia mbili za kusoma kalamu: WinTab na ile ya Windows Ink. Presha isipofanya kazi na moja, chagua nyingine, funga programu, uifungue tena. Hapohapo kuna kitufe cha kujaribu tableti. Chora, na utaona namba za presha zikipanda na kushuka. Zikibaki palepale hata ukikandamiza, tatizo liko kwenye draiva, si kwenye brashi.

Ukubwa wa ukurasa unategemea mwisho wa kazi. Picha ya kuonyeshwa kwenye skrini, pikseli 2000 kwa 2000 inatosha. Ya kuchapishwa kwenye A4 inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani nukta 300 kwa inchi. Jambo hili halirekebishiki baadaye: mchoro wa pikseli 1000 ukichapishwa kwa nukta 300 unatoka na upana wa sm 8.5 tu, na kuutanua ni kuupaka ukungu. Ila usikimbilie ukurasa mkubwa kupita kiasi. Tabaka moja lililojaa la A4 hiyo (tabaka ni kama karatasi angavu inayolazwa juu ya nyingine) linakula megabaiti 35 hivi za kumbukumbu, kwa hiyo matabaka 20 ni kama megabaiti 700. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 itaanza kuhema.

Vitufe vichache vya Krita vitoshe kwa mwanzo. Vizoee hadi mkono wa kushoto uvipate bila kutazama, au wa kulia kama unachora kwa shoto: Ctrl+Z kutengua, E kugeuza brashi kuwa kifutio na kurudi, 4 na 6 kuzungusha ukurasa, 5 kuunyoosha, M kuutazama kama kwenye kioo, Ctrl ukibofya rangi ili kuichota, na Shift ukiburuta kubadili ukubwa wa brashi. Kitufe cha pembeni ya kalamu kipe kazi ya kuchota rangi au ya kutengua. Kisipewe kufuta, kidole hukigusa bahati mbaya.

Mazoezi ya mkono

Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Na ukitaka kuzoea upesi, weka kipanya droo. Fungua faili, soma, bofya, vyote kwa kalamu. Macho na mkono vitapatana bila wewe kuona kama unajifunza.

Anza na nukta. Weka nukta mbili zenye umbali wa sm 5 kwenye skrini, elea juu yake na kalamu mara mbili au tatu bila kugusa, kisha piga mstari mmoja wa haraka. Usichore polepole. Mstari wa polepole hukusanya kila mtetemo wa msuli, wa haraka hauna nafasi ya kutetemeka. Ukikosa nukta ya pili, sawa, ilimradi mstari ni safi. Ulengaji unakuja wenyewe. Fanya 30, ukizungusha mwelekeo.

Zoezi la pili ni mistari sambamba ya kulala na kusimama, 20 kila upande. Utagundua kuna mwelekeo mmoja ambao mkono wako unaupenda. Mistari mirefu ya kazi halisi ichore kwa mwelekeo huo, ukizungusha ukurasa kuufuata mkono. Kwenye karatasi kila mtu huzungusha karatasi bila kufikiri. Kwenye kompyuta watu husahau kwamba wanaweza.

Kisha duara na yai ndani ya visanduku, uguse pande zote nne, uzungushe mara mbili. Halafu ngazi ya vivuli: visanduku saba, kutoka cheupe hadi cheusi, kwa presha peke yake bila kubadili rangi. Hili la mwisho ni gumu na lina faida kubwa, maana ndilo linalofundisha vidole kujua nusu ya nguvu ni kiasi gani.

Krita ina kipengele cha kutuliza mstari, na ni msaada wa kweli kwa mistari ya mwisho. Wakati wa mazoezi uzime au uweke chini kabisa. Kinapokuwa juu, mstari unaburutwa nyuma ya kalamu. Anayeanza hudhani kompyuta imekuwa nzito, kumbe kazi ya kipengele chenyewe ni kuchelewesha. Vilevile usivute karibu kupita kiasi. Ukichora kwa asilimia 400, mstari wa nywele mmoja unakuwa safari ya vipande sita, na viungo vyake vitaonekana ukirudi kwenye asilimia 100. Mistari mikuu ichore ukiuona ukurasa mzima au nusu yake.

Mchoro wa kwanza: kikombe chenye mpini

Kikombe kina karibu kila kitu unachohitaji kujifunza: yai, mstari ulionyooka, mpindo, ndani na nje, kivuli cha mwili na kivuli cha kuanguka. Weka kikombe halisi mezani, taa moja juu kushoto, zima nyingine. Fungua ukurasa wa pikseli 2000 kwa 2000.

*Usuli.* Jaza tabaka la chini kwa kijivu cha kati. Ukurasa mweupe unadanganya: kila rangi juu yake inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, na hutapata mahali pa kuweka mng'ao.

*Rasimu.* Fungua tabaka jipya, brashi ya pikseli 8, rangi ya buluu au kahawia. Chora kwanza mhimili wa kusimama, halafu yai la mdomo na la kitako. Tazama kikombe kwa makini: yai la kitako ni nene kuliko la mdomo, kwa sababu liko mbali zaidi chini ya usawa wa macho yako. Ukiyafanya yawe sawa, au ukikipa kitako mstari ulionyooka, kikombe kitaonekana kimechomekwa mezani. Mpini uanze kwa mstari mmoja wa katikati, ndipo uupe unene. Bonyeza M. Kikombe kikionekana kimeinama upande mmoja, hicho ndicho kinachoonekana na wengine tangu mwanzo. Jicho lako lilishazoea. Rekebisha ukiwa kwenye kioo.

*Mistari.* Punguza mwonekano wa rasimu hadi asilimia 25, fungua tabaka jipya juu yake. Brashi ya pikseli 10 inayofuata presha. Kandamiza upande wa kivuli na pale mpini unapokutana na mwili, legeza upande wa mwanga. Kila mstari ni pigo moja. Ukikosea, Ctrl+Z urudie. Usipake viraka juu ya kosa. Hakikisha mistari imefungana, kwa sababu tundu la pikseli moja linatosha kumwaga rangi ukurasa mzima.

*Rangi ya chini.* Ficha rasimu. Fungua tabaka chini ya mistari. Chukua zana ya kujaza, iambie isome matabaka yote ili iione mistari, na itanue uteuzi kwa pikseli 2. Usipotanua, utaona uzi wa kijivu kati ya rangi na mstari: kingo za mstari si nyeusi kamili, zina pikseli nusu-angavu zinazolainisha, na zana ya kujaza husimama kabla yake. Jaza mwili, mpini na ndani ya kikombe.

*Kivuli.* Liweke tabaka la rangi kwenye kundi kwa Ctrl+G, kisha ndani ya kundi hilohilo fungua tabaka jipya juu ya rangi. Lipe hali ya kuchanganya iitwayo Multiply, na ubonyeze alama ya alfa (α, iitwayo Inherit Alpha) iliyo pembeni ya jina lake ili kivuli kisitoke nje ya kikombe. Ukisahau kundi, alama hiyo itaonekana haifanyi kazi: tabaka linafuata kila kilicho chini yake, na usuli umejaa ukurasa wote.

Rangi ya kivuli isiwe nyeusi. Chota rangi ya kikombe, isogeze kuelekea buluu au zambarau, ipunguze mwanga. Sasa tazama kikombe chenyewe. Mwanga unatoka kushoto, lakini mahali pa giza zaidi si ukingo wa kulia kabisa. Ni ukanda uliopo ndani kidogo ya ukingo huo. Ukingoni kabisa kuna mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Ukanda huo mwembamba ndio unaofanya kikombe kiwe mviringo. Bila huo, unapata karatasi iliyopakwa rangi mbili. Na ndani ya kikombe mambo yanageuka: ukuta wa ndani wa kushoto uko kwenye kivuli, wa kulia ndio unaopigwa na mwanga. Karibu kila anayeanza hupaka ndani na nje sawasawa.

Kivuli cha mezani kiweke kwenye tabaka lingine, nje ya kundi, juu ya usuli. Pale kinapogusa kitako kiwe cheusi na chenye ukingo mkali. Kadiri kinavyokwenda mbali, kipauke na kingo zilainike.

*Mng'ao.* Tabaka la mwisho, brashi ngumu, karibu nyeupe. Doa moja refu mwilini, moja fupi kwenye mdomo, moja kwenye mgongo wa mpini. Tatu zinatosha. Ukiongeza, kikombe kinageuka plastiki.

*Kukagua.* Fungua tabaka juu ya yote, lijaze nyeusi, lipe hali ya kuchanganya iitwayo Color. Picha yote inakuwa ya kijivu. Ukiona mwili na kivuli vimeungana, rangi zako zilikuwa tofauti kwa jina tu, mwanga wake ni uleule. Ongeza giza kwenye kivuli, kisha lifiche tabaka hilo.

Hifadhi kwa Ctrl+Alt+S kila hatua. Krita inaandika faili mpya yenye namba badala ya kufuta ya zamani. Faili ya .kra ibaki kwako na matabaka yake, ya kuonyesha watu itoe kama PNG kwenye rangi za sRGB. Ukitoa JPG, usiifungue na kuihifadhi tena na tena, kila mara inapoteza kitu.

Mambo yanayoharibika, na mahali pa kutafuta

Presha imepotea ghafla, jana ilikuwepo. Mara nyingi kompyuta ilijisasisha usiku na draiva haikuamka. Funga programu ya kuchora, anzisha draiva upya, fungua tena programu. Mpangilio huo una maana: programu nyingi hutafuta kalamu wakati zinafunguka tu.

Mikunjo ya haraka inatoka na kona kona kama nati. Kompyuta inakosa muda wa kusoma nukta zote. Punguza ukubwa wa brashi, funga kivinjari, punguza pikseli za ukurasa. Brashi ya pikseli 500 yenye umbile la karatasi inailemea hata kompyuta nzuri.

Kishale kinatetemeka hata mkono ukiwa umetulia. Ondoa simu na chaja karibu na tableti, jaribu tundu jingine la USB, na kwa laptop jaribu kuchomoa chaja yake. Mtetemo ukiisha ulipochomoa chaja, sababu umeipata.

Tableti inakatika ukigusa waya. Hilo ni tundu la waya lililolegea, na hulegea kwa sababu waya unaachwa uning'inie ukivutwa na uzito wake. Ufunge kwenye mguu wa meza ukiwa na ulegevu kidogo, usivutike.

Ubao una mikwaruzo inayong'aa. Toa ncha ya kalamu uitazame kwa karibu. Ncha mpya ni duara laini kama kichwa cha kiberiti. Iliyoisha imekatwa upande mmoja kama patasi, na ukingo wake ndio unaokwaruza. Ing'oe kwa kile kibanio kidogo kilichokuja na kalamu, ukivuta moja kwa moja bila kupinda, usukume mpya hadi igote. Ikibaki na milimita moja tu nje ya kalamu, usisubiri ikwaruze. Ukiona ncha zinakwisha kila mwezi, rudi kwenye grafu ya presha: unakandamiza mno, na draiva ndiyo inayokulazimisha.